Kisima cha Dada na Mchanga wa Makanya

Dada yangu ameolewa Pangani. Kisima cha nyumbani kwake kilipoanza kutoa maji ya chumvi alinipigia simu mimi, kwa kuwa katika familia mimi ndiye ninayesoma kila kitu. Nilimjibu bila kufikiri: aongeze kina. Huku Makanya, mbali na bahari, ndivyo tunavyofanya. Maji yakipungua kwenye mchanga wa korongo, unachimba zaidi, unayapata. Akaita wachimbaji waje Jumamosi.

Jumatano nikaingiwa na mashaka. Nilikuwa nimesoma kwamba pwani maji ya mvua yaliyozama ardhini huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini kwa chini, kwa sababu yenye chumvi ni mazito. Nililielewa hilo kwa maneno tu. Nilitaka kuliona.

Nikachukua vioo viwili vya dirisha, nikavigandisha kwa gundi ya silikoni kuwa boksi jembamba, nikajaza mchanga wa korongoni niliouosha mara tatu. Upande mmoja nilimimina maji ya bomba, upande wa pili maji ya chumvi niliyoyatia rangi nyekundu ya rozela. Mke wangu aliuliza ni mgonjwa gani atakayekunywa juisi ya mchanga.

Kwa muda mrefu hapakuwa na la kuona. Kisha wekundu ukaanza kusogea sakafuni mwa boksi, kama kabari, ukaingia chini ya maji meupe. Nikachomeka mrija katikati, nikavuta polepole kwa bomba la sindano: meupe. Nikavuta kwa nguvu: wekundu ukainuka chini ya mrija kama kichuguu. Nikaushusha mrija zaidi, na hapo hata kuvuta polepole kulileta mekundu.

Nilimpigia dada Ijumaa, nikamwamkia, nikasema nilikosea. Alicheka.

“Wewe bahari umeiona mara mbili, zote ukiwa umevaa viatu.”

Nikamsimulia boksi. Akauliza, “Mchanga wako ndio mchanga wangu?”

Nilikiri siyo. Boksi la upana wa vidole vinne linaonyesha maji yanaelekea wapi. Halisemi kwake chumvi iko kina gani. Wanaokokotoa hayo kwa kompyuta hupima visima vingi kwanza. Nilimuuliza kama anatumia pampu. Alisema tangu wavute umeme inafanya kazi mchana kutwa, kwa ajili ya miche yake ya minazi. Walipokuwa wakiteka kwa ndoo, maji yalikuwa mazuri.

Nikamwomba awaahirishe wachimbaji, azime pampu, ateke kidogo kidogo, na aonje kila asubuhi. Miche ingeweza kufa, na ndiyo biashara yake.

“Wiki mbili,” alisema. “Siongezi hata siku.”

Siku ya tisa aliniambia chai inanyweka. Chumvi ilikuwa imepungua, haijaisha, na miche ya safu mbili ilikuwa imekauka. Wachimbaji aliwaambia wasije. Sasa anauliza kama kisima kifupi, upande wa mbali na bahari, kingefaa. Sijui. Nimemwomba anitumie mfuko wa mchanga wake kwa basi.