Beseni la Zinia

Nilimaliza kidato cha nne nikarudi Karatu kukaa nyumbani, na nilikaa kweli. Wenzangu walikwenda Arusha kutafuta kazi; mimi hata mnadani nilienda kwa kusukumwa. Elimu yangu yote niliimalizia mbele ya nyumba, kwenye kipande cha udongo mwekundu nilichopanda zinia. Ni maua ya mtu mvivu: unatupa mbegu mvua zikianza, unakwenda zako kulala, yanaota. Magari ya watalii wanaopanda Ngorongoro yaliyamwagia vumbi kutwa, wala hayakujali.

Baba alinicheka. "Bibi Shamba, hayo tutayala na ugali au tutayatia kwenye makande?"

"Ni ya kutazama tu, baba."

"Basi leo usipike. Tutakaa mezani tuyatazame."

Kisha akaugua tumbo. Kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba, nilimpeleka hospitali ya misheni, na daktari akanieleza peke yangu kwenye korido: hakuna la kufanya, arudi nyumbani apumzike. Nikamwambia mama na kaka. Baba tulimwambia ni vidonda vya tumbo, dawa zitamaliza. Alifurahi. Akaanza kupanga kulibomoa jiko na kulijenga upya kwa matofali ya kuchoma, mahindi yakishavunwa. Sisi tukaitikia, tukabishana naye mpaka mahali pa kuweka mlango.

Alilala chumba cha mbele, ambacho dirisha lake lilikuwa juu mno. Asubuhi moja akaniuliza, "Bibi Shamba, maua yako yamekufa? Siyaoni."

Nikakumbuka somo la sayansi kimu: kata kabla ya jua kali, kata mshazari, toa majani ya chini, badili maji kila siku. Mwalimu alisema mawili matatu yanatosha. Mimi nikachukua mkasi, nikakata beseni zima, nikaingia nalo ndani. Jirani yetu alikuwa akipita na ndoo ya maji. Alisimama, akanitazama, akaondoka bila hata salamu. Nikadhani ameona wivu.

Kwetu maua hayakuingia ndani ya nyumba. Yalikatwa kwa wingi siku moja tu, siku ya jeneza. Nililijua hilo tangu utotoni, na asubuhi ile halikunijia hata kidogo. Shule ilikuwa imenifundisha vizuri mno.

Nilikuwa bado nayapanga kwenye kopo la maziwa ya unga, kando ya kitanda, yowe likapigwa uani. Nikachungulia. Wanawake walikuwa wanaingia na kuni kichwani, khanga zimefungwa kiunoni, jirani yetu mbele yao akilia kwa moyo wote.

"Nani amefariki?" baba akauliza.

Mama alikuwa mlangoni na kikombe cha uji. Kaka alitazama sakafu. Mimi nilishika ua.

"Naona ni mimi," baba akasema. Akacheka kidogo, akaacha. "Lakini mbona hakuna anayecheka?" Akanigeukia. "Daktari alikuambia nini, mwanangu?"

Hakuniita Bibi Shamba. Nikamwambia, kwa sentensi mbili, mkasi ukiwa bado mkononi.

Aliyatazama maua kwenye kopo. Kisha akasema, "Na mkaniacha nijenge jiko."

Hakugomba zaidi ya hapo. Afadhali angegomba. Siku ile ile alimtuma kaka aende Mbulu akamwite ndugu yake mkubwa, ambaye walikuwa hawasemezani miaka mingi kwa ajili ya mpaka wa shamba. Jirani alipoingia kuomba radhi, baba alimwambia, "Kuni ziache, mama. Zitafaa."

Baba mkubwa alikuja, wakakaa siku nne wakiongea. Mimi kazi yangu ilikuwa kubadili maji.

Zinia ukizikata ndiyo kwanza zinachanua. Baada ya wiki sita nilitoka tena asubuhi na mapema na beseni. Jirani akaniona. Mara hii alitua ndoo kwanza, akasogea mpaka kwenye maua.

"Ni ya kopo, mwanangu?"

Nikatikisa kichwa. Akaenda kwake, akarudi na kisu, tukakata wote.