Kabla ya Sindano, Muulize Kama Amekula

Bibi yangu alitutoa funza miguuni kila Jumamosi. Viatu hatukuwa navyo. Kiatu changu cha kwanza nilikivaa siku ya komunio, nacho kilikuwa cha kaka yangu, kikubwa, nikakijaza makaratasi hadi kikaniliza kanisani. Lakini hayo tuyaache. Bibi alikuwa na sindano moja ya kushonea. Aliipitisha motoni, na kabla ya kushika mguu wa mtu alimpa kila mmoja kiazi kitamu. "Kula kwanza," alisema. "Tumbo ya bure inaogopaka sindano." Tulidhani ni upendo tu. Kumbe ulikuwa pia ujuzi, na mimi niliukuta tena nikiwa na mvi.

Miaka ya tisini, kazi ilipokufa hapa Likasi, viwanda vikanyamaza na hospitali zikabaki na vitanda bila dawa. Mimi nikaangukia kwa mganga mmoja wa sindano kule Kikula. Alikuwa nesi zamani, akafundishwa na madaktari wa Kichina kuchoma sindano kavu, zile ambazo ndani yake hamna dawa yoyote. Akaniweka mlangoni niongee na wagonjwa wapya, kwa sababu mdomo wangu haukuwahi kukosa kazi.

Basi niliwaambia. Sindano ni nyembamba kama unywele, usiogope. Utasikia uzito, kama mguu uliolaliwa, na ukisikia moto au kizunguzungu, sema palepale, hapa hatutoi zawadi kwa mashujaa. Mama mwenye mimba aseme. Anayemeza dawa ya presha asiitupe. Na sindano uzione zikitoka kwenye chungu cha maji yanayochemka. Ukiona inatoka mfukoni, chukua kofia yako uende. Mama mmoja wa sokoni aliniuliza, "Na ikiniponyesha leo, kesho nirudi kufanya nini?" Nikamjibu, "Mama, leo ni kuonja tu." Walicheka, wakalala chini vizuri wachomwe.

Neno la mwisho lilikuwa: ulisha kula? Hilo ndilo lilinishinda. Miaka ile kumuuliza mtu kama amekula ni kumvua nguo. Nyumba nyingi zilikula mara moja, jioni, nyingine zilizungushana, leo watoto, kesho wakubwa. Na walokole walikuja wamefunga makusudi, kama wanavyofunga kabla ya maombi. Watu nisiowajua niliwauliza hivyohivyo, kwa sauti ndogo.

Siku moja akaja baba mkwe wangu.

Alivunja mawe Kakontwe maisha yake yote. Sasa mguu wa kushoto ulimwaka toka kiunoni hadi kisigino, na mvua ilikuwa karibu. Shamba lake lilikuwa njia ya Buluo. Asipolifikia kulima, nyumba yake haina mahindi mwaka ule. Alikuja kwa miguu, akishika ukuta.

Nilimwambia yote. Unywele, uzito, chungu. Nilipofika kwenye chakula, nikageukia chungu. Mkwe amuulize baba wa mke wake kama ana njaa! Angejibu hajala, ningempa nini? Ni mimi niliyepaswa kupeleka unga kwake, na miezi mitatu sikupeleka hata kikombe. Nikaruka neno.

Kulala pia alikataa. "Mbele ya mukwe wangu? Nitaikala." Ningeweza kutoka nje, alale. Sikutoka. Mganga akamchoma akiwa amekaa kwenye kiti, mguuni na mkononi.

Sijui ilipita dakika ngapi. Uso wake ukawa wa majivu, jasho likamtoka, akaanguka upande na sindano zake. Moja ilipinda ndani ya shavu la mguu. Mganga aliitoa polepole, akamwinua miguu juu, akamlowesha midomo kwa chai ya sukari. Halafu akanigeukia.

"Ulimuuliza kama alikula?"

"Nilimuuliza," nikasema.

Nimesema uongo mwingi maishani, huo ndio bado una uzito. Mzee alikuwa amefumbua macho. Aliniangalia mimi, si mganga.

"Aliniuliza, docteur," akasema. "Miye njo nilimudanganya. Nilisema nilikula."

Mganga akamgombeza yeye! "Baba, weye muzee muzima, unacheza na mwili?" Naye akainamisha kichwa kama mtoto wa shule, na mimi nikaokota sindano chini, nikizihesabu, ili nisimtazame.

Akamaliza chai. Mganga akamwambia arudi Alhamisi, ameshiba, alale chini kama watu wote. Akasema ndiyo. Nikamnyooshea fimbo yangu imsaidie njiani, akanishukuru kwa heshima, lakini hakuipokea. Akavaa kofia, akatoka akiburuta ule mguu, akapita wauza mkaa, akakata kona.

Alhamisi niliweka viazi viwili kwenye kitambaa, nikakaa mlangoni. Hakurudi kwa sindano, wala nyumbani kwangu hakukanyaga tena.