Moyo Uliofundisha Siku za Alhamisi

Shule niliacha mwaka wa pili, kwa mapadri kule Bukavu. Nasema mapema ili mtu asije kunisahihisha. Lakini miaka ile ya tisini, hapa Brussels, nimefundisha madaktari.

Nilikuwa nabeba magunia ya unga kwenye ghala moja la Anderlecht. Pumzi ikaanza kuniishia, nikatumwa hospitali ya Woluwe. Profesa wa moyo alikuwa Mbelgiji mrefu, mwenye masikio makubwa. Akaniwekea kifaa cha kusikilizia kifuani, akafumba macho kwa muda mrefu, kisha akasema kwa Kiswahili cha kwetu kabisa:

"Papa, mulango wa moyo yako haufunge muzuri. Damu inarudia nyuma."

Ugonjwa haukunishtua. Kiswahili ndicho kilichonishtua.

Alipokuwa kijana alitibu watu kwetu Kivu, kwenye zahanati ya misheni isiyo na mashine hata moja. "Kule mashini yangu ilikuwa masikio," aliniambia. Aliporudi kwao alisomea moyo mpaka akawa profesa, na maisha yake yote ya kazi alifundisha jambo hilo moja: sikiliza kwanza, mashine baadaye. Madaktari vijana walimcheka kichinichini. Wao walikuwa na televisheni inayoonyesha moyo ukicheza. Yeye hakujali. Akaniomba niende kila Alhamisi asubuhi, wanafunzi wausikilize moyo wangu.

Nilikwenda miaka mitatu. Nilivaa suti na tai, ingawa nikifika navua vyote mpaka kiunoni. Wanafunzi walipanga mstari, watoto wa watu wakubwa, wenye miwani, wakinisubiri mimi. Mmoja alisikiliza, akasema kwa Kifaransa kwamba moyo ni wa kawaida. Profesa akanigeukia.

"Papa, mwambie."

"Mlango wa kushoto unavuja, mwanangu," nikamjibu kwa Kifaransa changu cha ghalani. "Rudia."

Walicheka wote, na mwanafunzi yule mwenyewe akacheka. Nilijifunza kuwapima pia. Asiyefaa alinibandikia chuma cha baridi kifuani huku akimtazama profesa. Anayefaa alikipasha joto kwanza kwenye kiganja. Hao wa pili niliwasaidia: wakikisogeza mahali penyewe, nafumba jicho moja. Profesa aliona, akajifanya hakuona.

Mwaka wa tatu ngazi za metro zikanishinda. Nilisimama mara tatu kabla ya kufika juu. Alhamisi moja, wanafunzi walipokwisha kutoka, profesa akafunga mlango.

"Papa, sasa inafaa tukupasue. Tushone ule mulango."

"Mukishona, makelele ya moyo itaisha?"

"Itaisha."

"Donc Alhamisi, jeudi yetu, nitakuja kufanya nini huku?"

"Hutakuja. Utakuwa muzima."

Nikamwambia hapana. Nilikataa siku ile, nikakataa na Alhamisi iliyofuata. Mke wangu alinitukana kwa lugha mbili, na bado nilikataa. Mahali pengine pote katika mji huu nilikuwa mtu wa magunia. Pale tu ndipo watu waliponyamaza kunisikiliza.

Alhamisi ya tatu profesa hakubishana. Alivua kile kifaa shingoni, akakitia masikioni mwangu, akaniwekea chuma kwenye kifua chake. Tu-ta, tu-ta, kama mtu anayetembea bila haraka. Kisha akakihamishia kwangu. Nilisikia maji yanayochuruzika kwenye bomba lililopasuka, na katikati ya maji hayo kitu kinahangaika.

Miaka mitatu niliringa na moyo ule, na sikuwahi kuusikia.

"Mimi nafundisha batoto kusikiliza juu watu wapone," alisema. "Nikikusikiliza mpaka unakufa, nimefundisha nini?"

"Bon," nikamwambia. "Pasueni. Lakini jeudi moja ya mwisho unipatie."

Walinipasua, wakashona. Miezi miwili baadaye nilipanda ngazi zote za metro bila kusimama, nikiwa na suti yangu, tai, na kovu jipya. Profesa naye alikuwa anastaafu mwezi ule. Darasa lile lilikuwa lake la mwisho na langu la mwisho, na wanafunzi hawakuambiwa lolote.

Siku hizi nikienda kupimwa wananipaka mafuta ya baridi, wanatazama kioo cha mashine, wananiaga. Ni kazi nzuri, sina ubaya nao. Ila hakuna anayefumba macho.

Siku ile ya mwisho binti mmoja alitangulia. Alikipasha chuma joto kiganjani, akasikiliza juu, chini, ubavuni, akarudi juu. Alinitazama jicho langu, sikulifumba. Mwisho akasema kwa sauti ndogo:

"Samahani, Profesa. Naona kovu, lakini sisikii kitu kibaya."

Profesa akanigeukia, kama zamani.

"Papa?"

"Amepata," nikasema, nikaanza kuvaa shati langu.