Cherehani Isiyonyamaza

Fundi wa magauni hushona huku simu yake iko hewani mchana kutwa, imelazwa kando ya mkasi, na mumewe anasikiliza upande wa pili. Akija mteja mwanamume, fundi humwita "dada", na waliomzoea huitikia kwa kichwa tu. Akicheka huziba mdomo. Hata akikunja nguo iliyokwisha, mguu haubanduki kwenye pedali, maana cherehani ikinyamaza, simu huuliza, "Uko wapi?"

Jana alimkonyeza shoga yake, mshona vifungo wa meza ya jirani, akae amkanyagie. Mwenyewe akatoka mbio hadi kituo cha polisi. Aliporudi jasho lilikuwa linamchuruzika. Akanong'ona, midomo ikigusa sikio la shoga yake: "Wameuliza kidonda kiko wapi. Nikasema hajawahi kunigusa. Wakasema basi hakuna kesi, niende nikatunze ndoa yangu."

Mshona vifungo aliendelea kukanyaga. Kabla hajainuka, simu ikasema kwa upole kabisa, "Ahsante, shemeji, kwa kumshikia mke wangu kiti. Ila yeye hukanyaga taratibu zaidi."