Jina Chini ya Karatasi

Juzi nilikuwa kwenye duka la dawa kule mtaani Kadutu, nangojea kinini yangu ya malaria. Fundi wa kompyuta, mwenye tai, alikuwa anamuuzia maman, mama mwenye duka, programu ya kuandikia dawa na kuchapa karatasi za wagonjwa.

"Hii niliitunga mimi mwenyewe, maman, toka mwanzo."

"Kweli, papa?"

"Naapa!"

Akabonyeza, mashine ikachapa karatasi ya majaribio. Chini, kwa herufi ndogo, palikuwa na jina la mtu mwingine na maneno haya: Tumia bure, hata uza, lakini usiondoe jina langu wala masharti haya.

Maman akaganda. Lilikuwa jina la kaka yake, mwalimu wa kompyuta, aliyechukuliwa na wenye bunduki vita ilipoanza, na mwili haukuonekana. Mimi niligeuka kutazama mlango, nisije nikakuta mwenye bunduki anasikiliza.

"Nililifuta kwenye kioo cha kompyuta mara tatu," fundi akanong'ona. "Sijui linatoka wapi."

"Wale wa bunduki walimufuta mu barabara," maman akasema, "na wewe unamufuta mu masini? Alikupa bure! Lirudishe kwa kioo, na masharti yake yote, ao beba masini yako uende."

Fundi akaliandika upya, na masharti yote chini yake.

Mimi niliishia darasa la sita, lakini mistari miwili ya masharti naisoma. Fundi, na diplomu yake, ilimshinda. Sasa kila mgonjwa wa Kadutu anarudi nyumbani na karatasi yenye jina la mtu ambaye hakuna anayejua aliko.