Vitumbua vya Mwaja

Mwaja alifika Kihanga mwaka 1984, akimfuata mumewe Abdulrahim aliyekuwa na duka la nguo. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vitatu. Vingine vilipotea kwao Mafia, akiwa msichana, siku aliyotia mkono kwenye tundu la mwamba akichokoa pweza maji yakiwa yamekupwa. Ndani hakuwamo pweza. Alikuwamo mkunga, samaki mrefu kama nyoka, akamng'ata na kung'ang'ania mpaka shangazi yake alipomkata kichwa. Kidonda kikaoza, vidole vikakatwa.

Huku Kihanga alianza kukaanga vitumbua na kuviuza barazani. Watu waliingia dukani kununua vitenge, wakatoka bila kutazama sinia.

"Wanasema una ukoma," jirani yake Anonciata alimwambia. Alikuwa mkulima, wazazi wake walitoka Rwanda.

"Ni samaki, dada."

"Samaki anakula mtu?"

"Anang'ata ukimwingilia nyumbani kwake."

Anonciata alivitazama vile vidole. Kwao samaki hakuliwa kabisa. "Mimi nakuamini," alisema. "Wao hawajamwona huyo samaki."

Kaka yake Mwaja alipokuja kumtembelea, alimletea kichwa cha mkunga kilichokaushwa, kama alivyoagizwa. Mwaja alikiweka barazani kikiwa mdomo wazi, meno nje kama sindano. Asubuhi hiyo alikaanga vitumbua vingi kuliko siku zote.

Watu walikuja, wakasimama mbali. Mzee Ndyamukama, aliyeheshimiwa pale mtaani, alisogea, akainama kukitazama.

"Shikamoo, mzee. Huyu ndiye samaki aliyening'ata."

"Marahaba, mama. Hiki ni kichwa cha nyoka," alisema taratibu, akaenda zake.

Habari zikaenea kwamba mke wa Abdulrahim anafuga nyoka. Sasa hata vitenge havikununuliwa.

Abdulrahim hakugomba. "Kifukie," alisema tu. Mwaja akakifukia nyuma ya choo, lakini wateja hawakurudi, na baada ya miezi michache mumewe akaamua wahamie Kayanga.

Jioni ya mwisho Anonciata alikuja kuaga. Mwaja akamkaangia vitumbua. Anonciata alikula kimoja polepole, vingine akavifunga kwenye jani la mgomba.

"Watoto watafurahi," alisema. Wakashikana mikono.

Asubuhi, lori likipakiwa, Mwaja alikwenda shambani kukata kamba za migomba za kufungia mizigo. Chini ya mgomba, kando ya njia ya kwa Anonciata, alilikuta lile furushi la vitumbua, limefunikwa kwa majani makavu. Halikuwa limefunguliwa. Alikata kamba, akarudi kwenye lori.