Kibuyu Mkononi mwa Katuni

Jamani, ile katuni ya asali niliitengeneza mimi, na aibu yake ninayo mpaka leo.

Siku tatu nzima, ofisini kwetu Kanyenye, kibuyu kilinitesa. Binti wa katuni akinyoosha mkono, kibuyu kinabaki nyuma kikielea hewani. Mwishowe nikakigandisha kwenye kiganja chake, kikatulia. Kisha nikagundua amempa mgongo babu anayempelekea asali. Nikampindua mzima mzima, kama mtu kwenye kioo, wakatazamana.

Siku ya kuwaonyesha wafuga nyuki, niliiwasha kwenye kompyuta, kipanya mkononi. Macho yangu yote yalikuwa kwenye kibuyu: kisianguke tu! Hakikuanguka. Nikashusha pumzi.

“Mwanangu,” akasema taratibu mwenyekiti wao, Mzee Maganga, “huyu ni binti wa nani, anampa babu yake asali kwa mkono wa kushoto?”

Kumbe nilipompindua, mkono wa kulia uligeuka kuwa wa kushoto!

“Nisamehe, mzee wangu,” nikababaika, nikamnyooshea chupa ya maji angalau apoe.

Hakuipokea. Alikuwa anautazama mkono wangu. Ule wa kulia ulikuwa bado umeng'ang'ania kipanya.